Ufa Chini ya Migomba

Chapwa, Tunduma
Jumatano

Dada Frida,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila baridi imezidi. Migomba niliyopanda kwenye ndoo, kwenye balkoni huku ghorofani, imenifika kifuani, na mipapai ya mbegu zako imeshika vizuri. Nikikaa katikati yake najiona niko kwetu Kamsamba.

Dada, nina hofu. Chini ya balkoni yangu hushonea Enesi, fundi cherehani, mwanawe akiwa mgongoni. Wiki iliyopita niliona ufa pale balkoni inapoungana na ukuta. Nikanyamaza, maana mwenye nyumba angeniambia niondoe bustani. Nikaendelea kumwagilia.

Jana asubuhi ndoo kubwa iliinama, na ufa ukawa wa kuingia vidole. Nilishuka mbio bila viatu.

“Enesi, toka hapo.”

“Nimalizie mkono huu wa gauni, dada.”

Nikamvuta yeye na mtoto mpaka barabarani. Kipande cha zege kikaanguka juu ya cherehani, kikaivunja.

Mimea yote imeteremshwa.

Leo Enesi ameniletea viazi. Akamwambia mwanawe, “Huyu ndiye mama aliyetuokoa.” Nikavipokea, nikashindwa hata kumkaribisha ndani.

Hajui kwamba niliuona ufa mapema. Kesho nitamwambia, ingawa naogopa kuliko nilivyoogopa jana. Nimekuandikia wewe kwanza, nione kama maneno haya yanaweza kunitoka.

Mdogo wako,
Jenista