Mkwe Aliyekoroma Mbele ya Daktari

Ushirombo, Jumanne, Septemba 1981

Leo nimeumbuka. Mwaka mzima nasinzia kazini, nimemeza klorokwini nikidhani ni malaria hadi masikio yanavuma, kumbe ugonjwa uko kwenye usingizi wenyewe.

Daktari aliuliza nani ananisikia nikilala. Mke wangu, Mama Kulwa, hafai kuwa shahidi. Huyo hata nyumba ikiungua ataamkia kwenye majivu. Anayesikia ni mama yake, aliye chumba cha pili.

Sasa mimi na mkwe wangu hatutazamani, ndiyo heshima ya kwetu Usukumani. Daktari akamwita, akaingia na khanga kichwani, akatugeuzia mgongo, akauhutubia ukuta.

"Anakoroma hivi," akasema, kisha akakoroma. Wagonjwa wa nje wakachungulia dirishani! "Halafu kimya. Halafu anashtuka kama mbuzi aliyekabwa na kamba."

Daktari akasema pumzi inakatika, ila kipimo chake hapa hakuna. Nilale ubavu, nipunguze tumbo, niache pombe. Hilo la mwisho nitalifikiria.

Nikaona nami nishtaki. "Daktari, nitalalaje? Mama huyu anagonga ukuta kwa mchi usiku kucha!"

Mkwe akauambia ukuta: "Nagonga akinyamaza. Nisipogonga, harudi."

 

Jioni nimeukuta mchi jikoni, una unga wa mihogo. Nimeuosha mwenyewe, nikauegemeza mlangoni kwake, nikaondoka kabla hatujaonana.