Mipira ya Pua Kabatini Mwangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo daktari wa usingizi kamwita muuguzi mpya, Bi Kozi, asimame kichwani pa mgonjwa. Kichwani! Miaka kumi na minne pale ni pangu — daktari akiingiza mpira kooni, mimi ndiye nashika maski ya oksijeni, mimi ndiye nasoma namba za oksijeni kwenye skrini. Leo nimetumwa kuvuta dawa kwenye sindano. Bi Kozi ana miezi miwili tu wodini. Tumemwita hivyo kwa sababu kila neno lake ni "kule kozini". Anajua, na anacheka tu. Hilo nalo linaniudhi.

Jumatano, 5 Machi

Ujanja wake nimeuona. Kabla ya maski anamvisha mgonjwa mpira mdogo wa puani. Maski ikitolewa ili daktari aone koo, ule wa puani unabaki, oksijeni inaendelea kuingia. Basi! Ndiyo hiyo tu! Mzee wa kitanda cha pili hakushuka chini ya tisini na tano. Daktari akasema sote tujifunze kwa mdogo wetu. Sote — huku ananitazama mimi. Chakula nimekula stoo, peke yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya utoto. Boksi la mwisho la mipira ya pua nimelifungia kabatini kwangu. Bi Kozi akaulizia. Nikasema imeisha, tumeagiza. Uongo mkavu. Mama mmoja akapewa maski peke yake, kama zamani. Daktari akachelewa kuliona koo — tisini, themanini na mbili, sabini na nne. Mpira ukaingia, namba ikapanda. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Nikataka kulirudisha boksi palepale. Ndipo nikasikia daktari anamwambia Bi Kozi kwamba bila mkono wake kwenye maski leo tungeumbuka. Ufunguo ukabaki mfukoni.

Jumanne, 11 Machi

Naandikia kwenye benchi la nje, la ndugu wa wagonjwa. Kaka yangu kaletwa asubuhi, mapafu yamejaa maji, hata jina langu hakuweza kulimaliza. Lazima awekewe mpira wa kooni. Nikavaa glavu. Daktari akasema huyu ni damu yako, toka nje, utaratibu unaujua. Naujua — nimewatoa wengi.

Bi Kozi akauliza taratibu: dada, ile mipira ya pua bado haijafika?

Nikafungua kabati mbele yake. Boksi lile pale, juu ya viatu vyangu. Akalitazama. Akanitazama. Nilingoja anitukane. Akachomoa mmoja, akasema, "Asante, dada," akakimbia.

Wifi yangu, mke wa kaka, kanishika mkono. Anasema mume wake ana bahati, mimi niko hapa.

Mlango haukufungwa vizuri. Namsikia Bi Kozi anasoma namba, sauti imetulia. Tisini na saba. Tisini na saba. Tisini na sita. Pale ni pangu, aliyelala ni wangu, na yeye ndiye kamshika kichwa. Hata sasa namwonea wivu, Mungu anisamehe!

Tisini na tatu.

Ameacha kusoma. Soma, mdogo wangu. Soma!