Mizunguko Sita Chini ya Antena

Rugu, Ijumaa, 1989

Kumbe Adela hakuwa mwoga. Mdomo wake ulikuwa unachomwa kweli.

Wiki tatu nzima nesi wetu ananiambia kipaza sauti cha redio ya zahanati kinampiga shoti kila akiita hospitali. Nikamcheka mbele ya wagonjwa: "Sindano huogopi, unaogopa redio?" Tangu siku hiyo anakishika kwa jani kavu la mgomba.

Leo nimeita mwenyewe. Kikanichoma mdomo hadi nikakiachia.

Ndipo nikakumbuka. Kule juu ya paa, chini ya antena, fundi aliyefunga redio aliuzungusha waya wake mara sita, akaniambia mizunguko hiyo inazuia umeme usirudi chini kwa nje ya waya. Mimi nikaikunjua wiki tatu zilizopita, eti wageni wa parokia wanakuja na ule waya unaning'inia ovyo.

Nimepanda, nimeizungusha upya. Shoti hakuna.

Adela akauliza, "Kaka, kilikuwa nini?"

"Waya ulilegea tu."

Akanishukuru mbele ya wagonjwa, akalitupa lile jani. Nami nikamjibu, "Usijali."

Mimi! Mimi ndiye wa kumwambia asijali.