Bawa Nililolishona na Kicheko Chako

Kwako Rashidi, mwana wa ami yangu,

Dada yako alinijia hapa Shika Adabu, Likoni, akanipa salamu zako kutoka huko Uingereza uliko. Akasema waniomba radhi kwa "yale mambo ya utoto". Nilikuwa nakula. Nikaisukuma sahani, chakula kikanishinda. Utoto! Ulikuwa mtu mzima mwenye ndevu zako, fundi wa karakana ya uwanja wa ndege kule Changamwe, nami nilikuwa mchumba wako, posa imeshakubaliwa. Kwa kuwa jambo lile umelipa jina la uongo, nalisimulia wazi, asome atakaye.

Ilikuwa karibu na uhuru. Mzungu mmoja aliyekuwa akihama alikuachia ndege yake ndogo ya kuchezea, yenye injini na redio ya kuiongozea, lakini bawa lilikuwa limevunjika. Ukaamua kuunda bawa jipya. Ukawa waja kwetu kila Jumamosi alasiri, mama akiketi papo hapo akichagua mchele, kwani hatukuwa tumeoana.

Siwezi kukataa, siku zile zilikuwa tamu. Ulinionyesha kile kimota ulichokiita sevo, kinachotoshea kiganjani. Ukaniambia chasikiliza redio, kisha chavuta vile vipande viwili vya nyuma ya bawa, kimoja kiinuke na kingine kishuke, ndege ipate kupinda. Ulikata nafasi katikati ya bawa, baina ya mbavu mbili za mti mwepesi, ukakikalisha juu ya vibanzi vya mpira wa tairi ili mtikisiko wa injini usikilegeze. Fimbo za kuvutia ukazitengeneza kwa spoku za baiskeli. Lakini kila bawaba uliyotia ilikuwa nzito, na sevo ikakwama ikilia kama nzi ndani ya chupa. Ulikaribia kukata tamaa.

Nikakwambia, "Lete, nishone."

Nikavishona vile vipande kwenye bawa kwa uzi wa hariri, pasi na bawaba, sindano ikipita juu na chini kwa mshono wa umbo la nane, navyo vikapanda na kushuka pasi na kukwama. Ulipiga ukelele: "Mama, njoo uone! Mikono ya mwanao hii!"

Mama akaziba pua kwa upindo wa leso. "Nyumba nzima yanuka gundi, wallahi. Lakini mshono ni mzuri."

Siku ya kurusha tulivuka feri, mimi na mama, nimelipakata bawa kama mtoto mchanga. Kwenye uwanja wa nyasi wazungu wa klabu ya kurushia ndege kama hizo walikuwa wameketi na vinywaji vyao, na msimamizi wako wa kazi alikuwa miongoni mwao. Ndege ikaruka. Ukaipindisha kushoto, ikatii. Ukaipindisha kulia, ikatii. Mama akasema "Mashallah" kwa sauti ndogo, nami nikahisi kifua hakinitoshi.

Ndipo msimamizi akanyoosha mkono. "Lete, mimi najaribu."

Ukampa ile redio. Akaizungusha ndege kidogo, kisha akawageukia wenziwe. "Sasa tunaona kama kazi ya boi nashika." Akaielekeza chini, injini ikinguruma kwa nguvu zake zote. Haikumponyoka. Nilikuwa namtazama usoni, alianza kutabasamu kabla haijafika ardhini. Bawa likavunjika vipande viwili. Wakacheka.

Nawe ukacheka. Uliinama ukashika magoti. Nilikutazama macho nikitafuta hofu, maana kicheko cha hofu ningekielewa. Wewe ulikuwa wawatazama wao, uone kama wamekuona ukicheka.

Akaokota kipande cha bawa, akauvuta mshono. "Nani nashona hii?"

Tulikuwa tumesimama karibu, mimi na mama, mke wa ami yako. Ukasema, "Yaya wa nyumbani tu, bwana."

Mama akanishika mkono. "Twende, mwanangu." Tulipofika ferini akatema mate majini. "Huyu nikimwona tena barazani kwangu, nitatapika."

Ukaja kesho yake na sahani ya halua. "Ulitaka niwaambie nini?" ukaniuliza. "Uhuru waja, yule bwana aondoka, na kiti chake kitahitaji mtu. Bawa tutaunda jingine."

Nikaivua pete, nikaiweka juu ya halua.

Wazee walipokutana, baba aliniuliza kama umenipiga. "Hakunipiga, baba. Alicheka." Wakatazamana, wakaniona nimerukwa na akili. Mama akasema toka nyuma ya pazia: "Nilikuwako. Posa irudi." Ikarudi.

Kiti ulikipata, na kutoka kitini ukapata safari. Mimi niliolewa na mtu wa hapa Likoni, tukazaa, na nimemzika nikimlilia. Sikukaa nikikungoja, usijipe hadhi hiyo. Lakini nikilisikia jina lako mate ya kinyaa hunijaa mdomoni, hata leo, na uzee huu.

Neno la yaya nimekusamehe kwa ajili ya Mola. Mama hakukusamehe, naye ameshatangulia. Hilo ni baina yenu. Ama kile kicheko, sijui nikisamehe vipi. Mimi nilivunjiwa mshono tu. Wewe uliicheka ndege uliyoipenda kuliko chochote, na mikono yako mwenyewe iliyoiunda, ili mtu mmoja mwovu akuone mwema.

Siku utakapoililia ile ndege, hata ukiwa peke yako, hata kwa chozi moja, ndipo tutazungumza.

Afya nakuombea, kwa kuwa damu ni damu.

Binti wa ami yako