Sampuli ya Mtu Asiye na Sumu

Hopkins, Minnesota
14 Februari

Mpendwa dada Victoria,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye theluji. Natumaini kidonda cha upasuaji kimekauka na mtoto ananyonya vizuri. Mimi mwili ni mzima, ila kichwa hakijatulia, na sijui nianzie wapi.

Juzi nilikutumia meseji uache mara moja ile krimu niliyokuletea nilipokuja Tukuyu. Ukaniuliza kwa nini. Sababu ni hii.

Unajua hapa maabara tunatengeneza mashine ya kugundua sumu kwenye damu na mkojo wa watu, hata ikiwa kidogo mno. Mwezi uliopita tulihitaji mkojo wa mtu asiye na sumu, wa kulinganishia. Nikatoa wangu. Mashine ikaonyesha zebaki, tena nyingi. Mwenzangu Sydney akaamini mashine imeharibika. Akaifungua, akaisafisha, akabadilisha mirija, akapima tena. Jibu likawa lile lile. Wiki mbili nilimshikia tochi huku nikimwambia labda ni maji, labda ni chupa. Sijui kama nilikuwa namdanganya yeye au najidanganya mwenyewe.

Jumatatu nilichukua krimu yangu ya usoni, nikaipima peke yangu. Dada, zebaki imejaa.

Sasa nikiri. Niliwaambia nyumbani kwamba ni baridi ya huku iliyoning'arisha. Si kweli. Ni mkorogo wa kujichubua, huu mwaka wa tatu, na kikopo nilichokupa nikisema ni mafuta ya kawaida nilikinunua duka lile lile ninaponunua wangu. Mimi ninayetafuta sumu kwenye miili ya watu sikuwahi kuuliza kilichomo. Kwa nini, hata leo sielewi.

Nilipomweleza Sydney nilitegemea hasira. Aliuliza jambo moja tu: nani mwingine anaipaka. Nikakutaja wewe, nikakumbuka ile picha ya mtoto amelalia shavu lako, nikachukua simu nikakutumia ile meseji.

Tafadhali mpeleke mtoto hospitali, utaje zebaki waziwazi, mpimwe wote wawili. Kikopo kifunge kwenye mfuko, ukiweke mbali na watu. Mama nitamwambia mwenyewe.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia. Kama hutaki kuzungumza nami kwa sasa, nitaelewa. Nitumie majibu ya mtoto tu, hata bila salamu.

Ni mimi mdogo wako,
Ikupa