Kuku Walionyamaza

Robanda, Jumamosi usiku

Tatizo langu ni kueleza mno. Wajukuu zangu, Ghati na Bhoke, walikubali kuweka simu chini iwapo tu hadithi yangu ingewatisha. Nikawapa zimwi lenye macho mekundu na mwili mkubwa kama tembo.

"Babu, tembo si tulimfukuza juzi shambani?" Ghati akasema. "Hilo nalo tutalimulika tochi."

Nikaliongezea pembe, kisha mkia. Bhoke akaichukua simu yake.

Ndipo mke wangu, aliyekuwa akipukuchua mahindi, akauliza polepole, "Mbona kuku wamenyamaza?"

Basi. Ghati alinirukia mapajani, Bhoke akajificha kwenye kanga ya bibi yake, kisha wakacheka hadi machozi. "Bibi, tena!"

Zimwi langu walilipima wakaliona dogo. La bibi yao kila mmoja alilichora mwenyewe akilini, tena akiwa amekumbatiwa, na hapo ndipo penye raha. Nilianza kuwafafanulia kwamba kuku hunyamaza kila usiku kwa sababu wamelala.

"Babu, usituharibie!"

Sasa wote wamelala. Choo kiko nje, nami, mwalimu mstaafu wa sayansi, nimeamua kungoja kupambazuke.