Viti Sita vya Mafunjo

Mdogo wangu Oreste,

Barua yako imefika na picha ya mkeo. Ni mzuri, msalimie. Huku kwenye mabwawa ya mto Po mikunga ya kuvua ni haba mwaka huu, na Padri Egidio amekuwa kiziwi kabisa, anaungamisha watu kwa kukisia.

Nondo weupe wamerudi, wametapakaa juu ya mafunjo kama unga uliomwagika. Unajua viwavi wao hutoboa mashina chini ya maji, huku juu yakibaki kijani. Ndiyo maana Baba alitufundisha kuzamisha mkono na kuminya kila shina kabla ya kulikata. Mwaka jana ulikuwa na haraka ya treni ya Torino, ukakata mzigo mzima mikono mikavu. Nilipokukemea ulicheka: "Dada Dosolina, tangu lini nondo akala mtu?"

Nami nikakuamini, nikawamba upya kiti cha Baba kwa mafunjo yako. Alikikalia wiki tatu. Jumapili moja kikapasuka akiwa mezani, akavunjika nyonga, hakuinuka tena. Nilipokifumua kiti nilikuta mafunjo yamejaa matundu. Ulikuja ukazika, ukala, ukaondoka. Hukuuliza alianguka vipi.

Sasa unaomba viti sita vya nyumba yako mpya, "kama kile cha Baba". Nimeshaviwamba, vinakuja kwa treni ya Alhamisi. Sikuhangaika kukata mafunjo mengine. Mzigo wako ulikuwa umebaki darini.

Mkae salama.

Dada yako,
Dosolina